Spana ya Bomba la Silanga

Siku yangu ya kwanza katika idara ya maji, nyapara alinipeleka kuchimba mpakani mwa Kawangware na mtaa uliokuwa wa Wazungu. Upande wao tulifukua bomba nene kama paja. Upande wetu lilikuwa la kidole gumba, na lilihudumia kijiji kizima.

"Mbona hivi?" nikauliza.

"Maji yaligawanywa kwa rangi ya ngozi," akajibu. "Wazungu kwanza, Wahindi wakafuata, sisi makombo. Wenyewe wameenda, bomba limebaki. Chimba, kijana."

Nilikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya fundi. Miaka mingi baadaye, injinia wa kanda alinihamishia Kibera, nikalaza bomba la maana kutoka mtaa wa Olympic, kule juu, hadi kwetu Silanga, kule chini. Juu kabisa niliweka valvu, yaani koki ya ardhini inayokata maji. Hufunguliwa kwa spana ndefu, nami niliiweka nyumbani.

Kisha kura moja ikatugombanisha kikabila. Vijana wa upande wetu wa chini, Wajaluo na Waluhya wenzangu, wakaja mlangoni.

"Mzee, leta spana. Hao wa juu wasipate hata tone."

Kule juu aliishi Mwangi, msaidizi wangu, Mkikuyu, na mkewe alikuwa amejifungua juzi. Mzazi na kichanga bila maji! Niliogopa kwa ajili yao, na kwa ajili ya nyumba yangu pia, maana viberiti vilikuwa mikononi.

"Bomba ni moja," nikawaambia. "Linapita kwao ndipo lifike kwetu. Mkiwafungia, mmejifungia."

"Wacha story, mzee," akasema kiongozi wao, akaibeba spana.

Wakafunga. Kufikia adhuhuri mifereji yetu ilikuwa ikikohoa hewa. Mama Achieng', muuza mboga, akatoka na mtungi mtupu, akamkuta huyo kiongozi, ambaye ni mwanawe wa kumzaa.

"Wewe, ulipozaliwa nilikuosha na mate? Enda ufungue. Saa hii."

Akaenda, kichwa chini, akafungua, kisha akanirudishia spana. Baadaye Mwangi akanipigia simu: "Yamerudi, mzee. Mtoto anaoga." Nilikaa kitako nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Nilipostaafu, injinia aliuliza ni fundi gani akabidhiwe spana. Nikamwambia yeyote, mradi spana ilale kwa Mama Achieng'. Hadi leo iko chini ya meza yake ya sukuma wiki. Kura kadhaa zimepita, na hakuna kijana aliyethubutu kwenda kumwomba.