Mjomba na Mbao za Zege

Mjomba wangu ni fundi ujenzi. Kibarua akithubutu kung'oa mbao zinazoshikilia zege mapema, hutukanwa yeye na ukoo wake: "Kukauka juu si kukomaa ndani!"

Basi kinga ya mwili wa mjomba ilianza kulishambulia jicho lake mwenyewe, likawa linavimba kila mara. Daktari akampa vidonge vya kuituliza kinga hiyo, akamwonya asiviache bila ruhusa. Jicho likatakata. Mjomba akaviacha palepale.

"Dawa ni ya mgonjwa. Mimi naona mpaka sisimizi ukutani!"

Juzi jicho likarudi jekundu kama pilipili. Mkewe akamshika mkono kumrudisha kliniki.

"Baba watoto," akamuuliza njiani, "mbao kang'oa nani?"

Siku hiyo hakutukanwa mtu.