Mtu wa Sarakasi Aliyepaa Kila Likizo

Likizo ya Disemba ikiingia, watu wengine hutafuta nguo mpya. Mjomba wangu hutafuta suruali yake ya bugaluu. Ni suruali ya rangi ya chai ya maziwa, pana miguuni kiasi cha kufagia njia, na ukimwona amesimama nayo mlangoni kwake hapa Timbwani, na shati la kola ndefu kama masikio ya punda, utadhani picha ya ukutani imeshuka kuja kunywa maji. Watoto wa mtaa humcheka mpaka wakajishika mbavu. Yeye hujizungusha mara moja ili waione na nyuma, kisha huwaambia kuwa wao ndio waliovaa vibaya.

Nampenda mjomba, na napenda vitu vyake. Ana redio ya kaseti iliyofungwa mlango kwa mpira, na kaseti za taarabu anazozirudisha nyuma kwa kalamu ya biki ili asiichoshe mota. Ana kalenda za miaka iliyokwisha kupita, ambazo mabibi waliochorwa juu yake bado wanacheka na mtu. Na ana kasha la majarida ya hadithi za picha. Hilo kasha ndilo lililonifunza kazi.

Mimi nachora hina na piko, ile rangi nyeusi ya maharusi. Shule niliishia darasa la nane. Kuchora nilijifunza kwa kutazama yale majarida likizo baada ya likizo, nikistaajabu jinsi mtu alivyoweza kuvuta wino mkunjo mmoja tu, na wewe ukajua kabisa kwamba yule aliyevaa koti lile amechoka. Ukisogeza jicho karibu unaona vitone vyekundu na vya manjano vimepangwa kama mtama. Ukirudi nyuma vinakuwa shavu la mtu. Nani alikaa akavipanga? Mpaka leo nikimchora bi harusi, ua la kiganjani nalianzia kwenye mkunjo niliouiba katika koti la mtu wa sarakasi.

Kasha hufunguliwa shule zikishafungwa. Kwanza mjomba huyaanika majarida kivulini, juu ya jamvi, maana jua kali hula rangi. Halafu mkaza mjomba, yaani mkewe, huweka makaa kwenye chetezo, akatia udi na majani makavu ya mwarobaini, na majarida yakafukizwa moja moja kama nguo za arusi. Wadudu hawaupendi mwarobaini. Udi, mjomba husema, ni wa heshima tu. Baada ya hapo ni kunawa mikono kwa sabuni, kukaa chini, na kutogusa. Kurasa hufunuliwa na mjomba peke yake.

Aliyapata ujanani, alipokuwa kuli bandarini. Baharia mmoja aliyekuwa akihama meli alimwachia rundo zima, kwa sababu mjomba alikuwa ameyatumbulia macho. Maandishi yake ni ya lugha ambayo hapa mtaani hakuna anayeijua. Hayo hayakumsumbua mjomba. Picha si zipo? Akazitazama mpaka zikamwambia hadithi, naye akaja akawaambia wenziwe, kisha wanawe, kisha sisi wapwa.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote ni ya mtu wa sarakasi. Jarida lenyewe lilishapoteza jalada la mbele na la nyuma. Linaanza na mzee aliyekaa peke yake kwenye benchi la stesheni ya gari moshi, begi miguuni, vitu vyeupe vikimwangukia mabegani. Tulipokua kidogo tulimwambia mjomba ile ni theluji. Akasema ni pamba, mji ule wanalima pamba. Mzee anainuka, anakwenda na mkongojo. Anafika kwenye hema kubwa la sarakasi, na kichwani amezungushiwa bandeji. Mjomba alisema si bandeji, ni kilemba, wenyeji wamemvika kwa kumheshimu. Halafu linakuja lile tulilokuwa tukilingoja mwaka mzima. Mzee amelala kwenye mchanga wa hemani, watu wamemzunguka, wameziba vinywa kwa viganja. Mjomba anafunua ukurasa taratibu. Mzee yuko hewani, mikono ameitandaza. Anafunua tena. Mzee ameshika kamba huko juu kabisa, na nywele zake ni nyeusi.

"Amepaa," mjomba husema kwa sauti ya chini. "Na kule kupaa kumemvua uzee."

Toka hapo, kila ukurasa mtu yule anazidi kuwa kijana. Anakuwa barobaro, anakuwa mvulana, anaiacha sarakasi, anashika njia ya vumbi, mpaka ukurasa wa mwisho anapofika kwenye nyumba yenye mlango wa buluu, na mamake amesimama pale. Mjomba akifika hapo halifungi jarida upesi, na sisi sote tunajua kwa nini. Yeye ni mtoto wa wakulima wa huku kusini. Siku mamake alipofariki alikuwa kazini bandarini, na kwetu maiti haiwekwi, huzikwa siku ileile. Alipofika, watu walikuwa wakijipangusa mchanga mikononi.

Basi likizo hii macho ya mjomba yameingia ukungu. Daktari amemwahidi kumpasua mwakani, inshallah, lakini kwa sasa akishika jarida anaona rangi zinazoogelea tu. Siku moja akaniita, nikaitika abee, akaniambia mwaka huu nitasimulia mimi. Yeye atakaa chini na watoto asikilize. Alitaka kumwona yule mama tena, akasema, na kama macho hayawezi, basi masikio. Sikulala vizuri kwa furaha. Nilijizoeza mbele ya kioo, nikapanga pa kunyamaza na pa kushusha sauti, na ile "amepaa" niliisema mpaka mamangu akauliza ni nani huyo anayepaa nyumbani mwake.

Chumba cha uani kwa mjomba anakaa mpangaji, kijana wa bara anayefanya kazi kiwandani Changamwe. Ni mtu mpole. Mwaka huu zamu zake zilimzuia kwenda kwao Krismasi, na mkaza mjomba, kwa kumwonea huruma, akawa anampelekea mahamri na mbaazi kila asubuhi mpaka suruali zikaanza kumbana. Siku ya kusimulia, baada ya sala ya alasiri, akarudi kutoka kazini akatukuta tumetandika mkeka, watoto wa khalati yangu, dada mdogo wa mama, wamekwisha kuja kutoka Mikindani, na mjomba amekaa nao chini na bugaluu lake. Akanawa mikono bila kuambiwa. Hilo likampendeza mjomba mno, akamwambia alishike jarida la mtu wa sarakasi wakati mimi napuliza makaa.

Akalifungua. Kwa kuwa mikono yake imezoea vitabu vya shule, akalifungua upande wa kushoto. Akatazama, akafunua, akafunua tena. Nilikuwa bado na chetezo mkononi aliposema, kwa upole kabisa:

"Mzee, na si hii kitabu inaanzia huku?"

Mjomba akauliza huku wapi. Yule kijana akaanza kumweleza, naye akidhani anamsaidia mtu asiyeona vizuri. Kuna kijana anaaga mama yake mlangoni. Anaenda kujiunga na sarakasi. Anakuwa mtu mkubwa, watu wanampigia makofi. Halafu kamba inamponyoka, anaanguka, kichwa kinafungwa bandeji, mguu wake hauponi tena. Mwishowe amezeeka, amekaa stesheni kwa baridi.

"Na treni haiji," akamalizia. "Imeisha hivyo tu. Ni story ya huzuni, hii."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nadhani mjomba alielewa kabla yangu. Yeye alisomea chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, na mpaka leo barua zake huziandika kwa herufi za Kiarabu. Alipopewa jarida na yule baharia, alilishika kama alivyofundishwa kushika kila kilichoandikwa, akalianza mkono wa kulia, akaenda nalo mpaka kushoto. Na sisi tuliokwenda shule hatukuwahi kushuku, kwa sababu hatukuwahi kuligusa. Kwetu lile jarida lilikuwa likifunguka upande wa mjomba.

Mtoto mmoja wa khalati akacheka. Kumbe mjomba alikuwa akitusomea kinyumenyume, akasema, na kilemba kumbe bandeji. Dadake akamfinya. Mjomba hakukasirika. Aliomba apewe jarida, akalipapasa, akalitia kashani mwenyewe, akamwambia mkewe alifunge. Halafu akaenda kuvua bugaluu.

Siku zilizofuata redio haikuwashwa. Yule kijana wa bara alikuwa akipita uani kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Alinijia akaniuliza afanye nini. Nikamwambia hakukosa, alisoma tu. Mkaza mjomba naye, tulipokuwa tukichambua mchele, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye alijua tangu yu bi harusi. Alisoma mpaka la tano, alilifungua jarida siku moja mumewe hayupo, akaona. Kwa nini hakusema? Akatoa chuya nyingine, akaitupa. "Ningemwambia nini? Kwamba yule mtu harudi kwao?"

Mimi nikaenda kwa mjomba na maneno yangu niliyoyapanga. Nikamwambia hadithi yetu ndiyo nzuri, tena ndiyo tuliyoizoea, na mtu akiamua kuianzia huku nani atamkataza? Mbona nisiisimulie vilevile, kama zamani, na yule mpangaji tumwambie anyamaze?

"Mwanangu, usinibembeleze," mjomba akasema. "Mimi nimemrudisha mtu kwao miaka yote hii, na sikuwahi kuuliza aliondoka vipi."

Ijumaa, baada ya sala, akamwita yule kijana barazani. Akaniambia nami nilete kasha. Akataka asomewe, kuanzia kushoto, ukurasa kwa ukurasa, bila kurukiwa. Yule kijana akanitazama. Nikamwashiria aanze.

Nimeyatazama majarida yale tangu nikiwa mdogo, lakini siku ile niliyaona upya. Mjomba aliuliza mambo ambayo sisi hatukuyauliza kamwe. Yule mama, wakati mtoto anaondoka, anafanya nini? Analia?

"Halii, mzee. Amesimama tu kwa mlango. Amenyoosha mkono hivi."

"Anampungia?"

Kijana akaliinamia jarida, akalisogeza penye mwanga. "Hapana. Ni kama anataka kumshika shati, lakini amemwacha aende."

Mjomba akaunyoosha mkono wake hewani vilevile. Kwake yeye siku zote mkono ule ulikuwa ni wa kumpokea mtu. Ni mkono uleule, wino uleule, nami ninayejua kidogo kuchora nilisogea nikautazama, nikaona kuwa mchoraji hakukosea kitu. Vidole vimefunguka nusu. Vinaweza kuwa vinapokea na vinaweza kuwa vinaachia. Wallahi, nilitamani kumjua mtu aliyeweza kuchora mkono kama ule.

Wakaendelea. Yule kijana alikuwa akisoma polepole, na kwa Kiswahili chake cha bara alijua kusema mambo ya kuondoka kuliko mimi. Alimweleza mjomba jinsi mtu anavyotazama nyuma akiwa amekwisha kufika mbali, asione nyumba tena, aone miti tu. Hilo halikuwa kwenye picha. Alipofika stesheni alilishusha jarida magotini, na kule barabarani mtu akawa anatangaza achari ya embe.

"Maskini," mjomba akasema mwishowe. "Na sisi tulimkuta hapa kila mwaka, tukampa mkongojo, tukaondoka naye. Wala hatukumuuliza ametoka wapi."

Akaniagiza niwaite watoto Jumapili.

Wakaja, na mama zao wakaja, na jirani waliosikia kwamba kuna mambo kwa mzee wa bugaluu. Mjomba alilivaa bugaluu lake. Makaa yakawekwa, udi ukafuka, kila mtu akanawa. Mjomba akasema tutasimulia wawili. Mwanawe wa bara atampeleka yule mtu, na mpwawe atamrudisha, na atakayeinuka katikati hana adabu.

Kijana wa bara akaanza. Mwanzoni, kabla hajafunua ukurasa, watoto wakacheka alivyosema sarakasi ni kubwa "kuliko supamaketi ya Nyali", lakini alipofika pale mlangoni pa buluu wakatulia. Walipiga makofi mtu alipopigiwa makofi. Alipoanguka, yule yule mtoto aliyecheka siku ile akaweka kiganja mdomoni, sawasawa na watu wa kwenye picha. Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kilicho nyuma ya ukuta.

Kijana akafika benchi la stesheni. Kurasa zilikuwa zimekwisha upande wake, lakini hakulifunga jarida. Alilinyoosha kwangu likiwa wazi, kwa mikono miwili.

Mjomba akageuza uso upande wangu.

"Haya, mama," akasema. "Mtoe hapo alipo."

Nikalipokea, nikaweka kidole juu ya benchi, nikaanza.