Maji Yamelala Juu ya Udongo wa Kijivu

Mvua ya Hallasan humwagika bila huruma, lakini mlima wenyewe ni mchoyo. Mawe yake meusi yana matundu kama mkate wa kumimina. Maji huzama humo papo hapo, yakaenda kutokea chini kabisa, ufukweni mwa kisiwa cha Jeju. Bu Man-sil aliyafuata huko kila alfajiri tangu ana miaka kumi, mtungi mgongoni ndani ya kikapu, mwendo wa saa nzima kupanda kurudi. Sasa alikuwa na hamsini na mbili, na mwanawe thelathini na tatu, hajaoa. Posa tatu zilikataliwa. "Binti yangu si punda wa kukubebea maji," mzazi mmoja alimwambia waziwazi.

Basi mtambo wa kuchimba kisima ulipoletwa kijijini, Man-sil alihamia pale. Kila kilichotoka shimoni alikipapasa na kukinusa. Jiwe jeusi. Udongo mwekundu uliobabuka kwa moto wa zamani. Jeusi tena. Siku ya kumi na tisa ukatoka udongo wa kijivu, mzito, wenye vipande vya kombe.

"Tumefika sakafu ya bahari ya kale," alisema Tak, fundi mkuu, mtu wa bara. "Shimo kavu hili. Fungeni vyombo, kesho tunahamia kijiji kingine."

Man-sil aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Usifunge kitu! Huu udongo naujua! Chemchemi yetu ya pwani inatokea juu yake! Maji yanashuka mlimani, yakiukuta huu hayapenyi, yanalala hapo hapo. Umeyapita, baba!"

"Sasa mama, mbona siyaoni?"

"Si unamimina tope humo kutwa?"

"Lile la kushikilia kuta zisibomoke."

"Ndilo lililoziba matundu! Sisi wanawake kila mwaka tunasugua nyufa za chemchemi. Tope likiganda, maji yanakata. Lioshe shimo lako!"

Wanaume wakaangua kicheko. "Samchun," akasema jirani mmoja, kama kisiwa kizima kinavyowaita wakubwa, "umekuwa injinia lini?"

"Tangu ulipoanza kunywa ninachobeba mimi!"

Tak alizungusha kipande cha kombe kiganjani, akakuna kidevu. "Haya. Saa moja tu."

Wakalisukumia shimo maji safi ya lori, kisha wakawasha pampu. Likatoka tope zito. Likatoka tope jepesi. Man-sil alilikinga kiganjani, akalinusa. Pampu ikakohoa, ikatapika maji meupe kama ya kuoshea mchele, halafu yakaja safi, baridi, kwa nguvu ya kumwangusha mtu!

Kijiji kikalipuka kwa vifijo. Tak alirusha kofia yake juu, akasahau kuidaka.

"Mama, kunywa wewe kwanza!"

Man-sil hakunywa. Alivua viatu, akakaa chini mbele ya watu wote, akanyoosha miguu yake kwenye maji yale safi ya kunywa, akaiosha taratibu, kidole kimoja kimoja, huku akilia na kucheka.