Siku Niliyotaka Kurudi Kwetu Bunda

Nakumbuka siku moja, jua la saa nne limeshaanza kuuma, nilifunga nguo zangu kwenye kitenge nikaenda kusimama mlangoni kwa mama mkwe wangu kuaga. Nilikuwa mjane kijana huko Butiama. Mume wangu, baba Magesa, aliugua kidogo tu tukamzika, na kabla machozi hayajakauka ugonjwa wa ndigana ukaingia zizini ukamaliza ng'ombe wote. Mvua nayo ilikuwa imegoma. Nikasema basi, narudi kwetu Bunda.

Mwanangu, wewe uliyezaliwa mjini hapa Iringo utaona kurudi kwenu ni jambo jepesi, unapanda gari unashuka. Kwa desturi yetu, mjane aliyetolewa ng'ombe wa mahari alikuwa huru kuondoka, lakini watoto ni wa ukoo wa baba yao, wanabaki. Kwa hiyo kuondoka kwangu kulikuwa kumwacha Magesa, na kumwacha mdogo wake Nyangeta, ambaye alikuwa ametoka tu kuachishwa ziwa. Nilijua hivyo, na bado mzigo nilikuwa nimeufunga. Njaa na msiba vikikaa nyumba moja, akili hutoka nje.

Mama mkwe alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Hakuinuka. Hakuwa mtu wa kubembeleza, yule mama. Ukilia mbele yake anakupa kazi.

"Unaenda wapi, mama Magesa?"

"Kwetu, mama. Mungu ametusahau hapa. Nimeomba mpaka nimechoka."

"Kumbe unafikiri Mungu anaanzaga kazi siku unayopiga magoti?" Aliendelea kutupa mawe ya choroko pembeni. "Mimi nimezika mume, nimezika watoto, na sasa nimemzika na huyo aliyekuoa. Sijui Mungu anafanya nini. Ila najua hajaanza leo. Weka huo mzigo chini. Mtama wako uko shambani, mfupi hivyo hivyo. Vuna kwanza. Ukishavuna, kama bado unataka kwenda, mimi mwenyewe nitakusindikiza mpaka njia panda."

Nilikasirika, sikufichi. Niliona mzee huyu hana huruma. Lakini mzigo niliuweka chini, maana mkubwa akishasema, huwezi kumpita mlangoni.

Nikarudi shambani. Usidhani moyo ulitulia. Siku nyingine niliomba, siku nyingine niligombana na Mungu huku nafukuza ndege kwenye mtama. Jumapili kanisani niliimba kwa midomo tu. Majirani walinifariji kwamba mvumilivu hula mbivu, nami nikawa najibu kimoyomoyo kwamba mwenye njaa hula hata mbichi.

Tulikuwa tumeshaanza kuvuna pale mgeni alipoingia uani mchana kweupe, fimbo mkononi, akiswaga ng'ombe mwekundu mwenye ndama ubavuni. Miguu yake ilikuwa vumbi tupu. Alijitambulisha kwa jina la Masatu, mtu wa Kisorya, kule wanakovukia kwenda Ukerewe. Hakukubali kukaa mpaka alipoonyeshwa kaburi la mume wangu. Alisimama pale na kofia mkononi, kisha akarudi.

"Shemeji, huyu ng'ombe ni wa kwenu," aliniambia. "Baba Magesa alimletaga kwangu akiwa mtamba, hajazaa bado, nimtunzie. Habari ya msiba imenikuta kitandani, miguu haishiki. Nilivyopata nguvu ya kutembea tu, nikasema nisikae tena na mali ya marehemu. Jana nimelala Bunda, ndiyo nafika."

Sisi wafugaji tunaweka ng'ombe kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa au wezi wakija wasikute wote mahali pamoja. Na mwanaume wa zamani hatangazi alikoweka. Hata mkewe hamwambii. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mume wangu aliwahi kuondoka na mtamba mwekundu akarudi na fimbo tupu, nami nikanuna nikidhani amemuuza akanywa. Nilipomuuliza alicheka tu. Kumbe!

Nilikaa chini palepale nikalia kwa sauti. Jioni Nyangeta alikunywa maziwa mpaka akasinzia na kikombe mdomoni. Mama mkwe alipita akaniambia nimfunge ndama mbali na mama yake, nisije nikaamka nikakuta chuchu zimekauka. Hilo ndilo neno lake pekee. Bunda sikwenda, na wanangu wote wawili niliwalea mwenyewe.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikuambii kwamba kila mjane huletewa ng'ombe. Nawajua waliosubiri na hakuna aliyekuja na fimbo. Ninachokuambia ni kwamba mtamba yule alikwenda Kisorya wakati zizi letu limejaa na sisi tunacheka, hatujui lolote la mbele. Mungu alikuwa ameshatangulia. Kwa hiyo ukipita kwenye giza, usikate shauri ambalo kesho hutaweza kulirudisha nyuma. Fanya kazi iliyo mbele yako, hata kama mazao yake ni mafupi. Omba, na maneno yakikuishia kaa tu mbele zake, anakuelewa. Na ukimpata mtu wa kukukemea kwa upendo, mkasirikie ukitaka, lakini mtii.

Nami nina neno moja zaidi, ambalo nimelielewa uzeeni. Msaada wangu ulikuja kwa miguu ya mtu aliyetoka kuugua. Masatu angenyamaza, nani duniani angemdai? Ng'ombe angekuwa wake, na mimi hadi leo ningeapa kwamba Mungu hakunisikia. Basi, unapomlilia Mungu akujibu, jiangalie na wewe: huenda kuna mtu analia usiku na mchana, na jibu lake liko zizini kwako. Amka umpelekee.

Mungu akutangulie usikokujua, akuwekee akiba usipopaona, na akupe miguu isiyochelewa kumfikia mwenye shida. Amina.