Kifundo Chini ya Kisigino cha Pang Kuan

Watu wa huku wakimtaja Pang Kuan hucheka kwanza. "Si yule aliyesahau nyayo zake mwenyewe?" Wacheke tu, mdomo ni mali yao. Mimi niliishi naye ukuta kwa ukuta chini ya mnara wa moshi, ule wa kuonya adui akija, na mume wangu Geng alikula naye chungu kimoja mpaka wote wawili wakawa vibogoyo. Nitasema ninavyojua mimi.

Kuan aliletwa mpakani angali kijana, kutoka mbali mashariki, atumikie zamu yake ya uaskari kisha arudi kwao. Hakurudi. Zamu ilipokwisha alikuwa ameshaoa binti wa mfinyanzi wa hapa ngomeni, na binti huyo akafariki akimzaa Rong. Wenzake walifunga mizigo wakaenda zao. Yeye akabaki na kichanga mgongoni na reki mkononi. Rong nilimnyonyesha mimi, ziwa moja yeye, ziwa moja mwanangu Lin. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nina kiherehere na mambo ya watu.

Kazi ya Kuan ilikuwa mchanga. Nje ya ukuta wetu wa mpakani kuna ukanda wa mchanga, na kila jioni lazima upigwe reki mpaka uwe laini, halafu asubuhi ukaguliwe. Aliyevuka, awe askari mtoro, mwizi wa farasi au mbweha, ameacha nyayo zake humo. Mpiga reki hurudi kinyumenyume ili asiache za kwake. Kuan aliuringia mchanga ule, jamani! Siku moja kuku wangu alipenya akaenda kujichimbia humo. Kuan alinijia mlangoni amemshika miguu, akaapa kwamba akimwona tena atamla. Nikamwambia kama ameuoa mchanga, basi usiku akalale nao.

Alikuwa na viatu vya kamba za katani, vikuukuu, hataki kuvitupa. Cha kulia kilikatika soli akakiunga kwa kamba ya manyoya ya ngamia, akafunga kifundo kikubwa chini ya kisigino. Kila alipokanyaga, kile kifundo kiliacha kishimo. Mnara mzima ulikijua kishimo hicho. Rong alipokuwa mdogo alikuwa akikifuata barabarani, anachomeka kidole kishimo hadi kishimo mpaka amfikie baba yake.

Rong akakua, akawa anauza mikate nami kwenye soko la langoni. Ilikuwa miaka ya amani, wafugaji wa ng'ambo ya ukuta walikuja kubadilishana ngozi na nafaka. Kati yao alikuwepo kijana mmoja mwenye pua iliyovunjika, mcheshi, mikate yetu haimwishi hamu. Nikaona, na Kuan akaona. Bahati mbaya sheria iko wazi: mtu wa ngomeni havuki ukuta bila kibali, na kibali cha kwenda kuolewa ng'ambo hakijawahi kutoka. Akikamatwa, anarudishwa kwa kamba na kufanywa mtumwa wa serikali, na aliyemtorosha anauawa. Mnara ukificha nyayo, mnara mzima unaadhibiwa.

Rong alimpigia baba yake magoti. Kuan akamwambia, "Mwanangu, ruhusa si yangu. Ni ya ukuta." Baada ya hapo hawakuzungumza tena habari hiyo, na mimi, mjinga, nikadhani imekwisha.

Asubuhi moja Kuan aliviulizia viatu vyake kwangu. Sikuviona. Akashuka pekupeku na Geng kukagua mchanga. Nyayo zilikuwepo, za mtu mmoja, zimetoka hazikurudi, na chini ya kisigino cha kulia kishimo. Hatua zilikuwa fupi mno kwa viatu vile. Geng alinisimulia kwamba Kuan alichuchumaa, akabaki hapo kama anayetafuta sindano. Geng akamnong'oneza, "Piga reki, ndugu yangu. Mimi nitatazama kwingine." Kuan akakataa. Ikijulikana, alisema, nani kati yenu atapona? Na wakati huo mkuu wa mnara, Bwana Dou, alikuwa anashuka ngazi huku akitafuna.

Bwana Dou akatazama chini. "Viatu vya nani hivi?"

"Vyangu," Kuan akasema.

"Vimetoka. Kurudi je?"

"Jana jioni nilimfukuza swala. Viatu vikanikatikia huko, nikaviacha. Nikarudi kinyumenyume napiga reki. Hizi za kwendea nikazisahau."

"Wewe? Umesahau?"

"Nimesahau, mkuu."

Bwana Dou alizitazama tena zile nyayo. Sijui alijua nini, na sitaki kumsingizia wema, maana bakora alizoamuru zilikuwa za kweli. Kuan alilazwa mbele ya askari wote akachapwa, akanyang'anywa reki, akapewa kubeba matete na udongo wa kukarabati ukuta. Farasi hawakutumwa kumfukuzia mtu. Rong nilimtafutia safari mimi: niliwaambia watu amekwenda mjini kumuuguza shangazi wa marehemu mama yake. Uongo ule niliupika ukaiva.

Jioni nilimpaka Kuan mafuta ya kondoo mgongoni. Akaniuliza, uso kwenye mkeka, "Mama Lin, kwa nini alivaa viatu vyangu?"

Nikamwambia ni kwa kuficha miguu yake midogo.

"Lakini kifundo alikijua. Alijua kitaniangukia mimi."

Nikasema labda alikuwa na haraka. Jibu la kipuuzi. Swali hilo lilimla kuliko bakora. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi niliyemnyonyesha nilikuwa naujua kidogo, nikamkasirikia Rong kimoyomoyo.

Reki alirudishiwa baadaye, lakini jina lilikwisha kuchafuka. Askari wapya walimtania: "Mzee Kuan, leo umeihesabu miguu yako?" Alicheka nao. Bwana Dou akahamishwa, Geng wangu akafa, Kuan akaanza kukohoa. Kila asubuhi nikawa nampelekea uji wa uwele pale pale kwenye mchanga.

Ndipo ikaja asubuhi moja ya masika. Nilimkuta amechuchumaa upande wa nje wa ukanda, reki imeanguka kando. Nyayo zilikuwa zimetoka kule jangwani, zikaingia mchangani kidogo, zikasimama, zikageuka. Viatu vikubwa, hatua fupi. Kisigino cha kulia kilikuwa kimekanyagwa kwa makusudi, na kishimo kimezama sana. Kutoka kwenye kishimo kile nyayo za mtoto zilikimbia ndani ya mchanga laini, zikazunguka, zikakimbia tena kwa mama yake. Na katikati ya kishimo kulikuwa na alama ya kidole kidogo.

Kuan alilia bila kujificha. "Mama Lin," akasema, "hakunisukumia kosa mimi. Alikuwa ananiaga. Alijua asubuhi nitakuja kusoma."

Nilikaa chini kwenye changarawe. Hasira yangu yote ya miaka ile sikujua niiweke wapi.

Mkuu mpya akapiga kelele kutoka juu, kuna nini huko. Kuan akajibu ni swala na mtoto wake, wamekuja wakarudi. Akachomeka kidole chake kwenye kile kishimo, taratibu, asije akakiharibu. Kisha akaokota reki na kuanza kusawazisha, akirudi kinyumenyume. Vile viunyayo vidogo aliviacha mpaka mwisho, na uji ukapoa.