Kompyuta ya Baba Sasa Inawaka Haraka

Baba hakuwahi kulalamika kwamba kompyuta yake ni nzito. Mlalamikaji nilikuwa mimi. Yeye alikuwa anaiwasha, anakwenda kutia udhu, anaswali alasiri taratibu, akirudi anaikuta imeshafunguka. Mwalimu mstaafu wa Kisarawe, mjane, ana haraka ya kwenda wapi?

Mimi ni fundi kompyuta, nina kibanda changu Sofu, Kibaha, na nina ugonjwa wa mafundi wote: siwezi kukaa karibu na mashine inayojikokota nikaiacha. Ile mashine nilimwekea mwenyewe diski mpya, zile zisizozunguka, na bado ilikuwa inatambaa. Iliniuma. Niliona kama inanitangazia ubovu kwa watu, ingawa hao watu walikuwa baba na kuku wake.

Siku hiyo nikaingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani inayotangulia Windows, na nikaona sababu. Kompyuta ilikuwa inaongea na diski kwa njia ya zamani, IDE. Diski ya kisasa inataka njia mpya, AHCI. Ukiiacha kwenye IDE itafanya kazi, lakini haikupi nguvu zake zote. Nikacheka peke yangu. Nikabadilisha, nikahifadhi, nikawasha.

Ikaja skrini ya bluu. Ikajizima, ikawaka, ikaja bluu tena.

Mtu asije akanitetea kwamba sikujua. Nilijua. Windows iliyowekwa kwenye IDE ukiihamisha ghafla inapotea njia. Dawa yake ni kurudisha IDE, kuiandaa Windows, ndipo ubadilishe. Ni kazi ya robo saa. Lakini nilikuwa nataka kuwahi gari la kurudi Kibaha, na sisi mafundi wa huku tuna dawa moja ya kila homa: piga Windows mpya. Printa imegoma, piga Windows. Mteja kasahau nywila, piga Windows. Flashi ya kazi hiyo haitoki kwenye mkoba wangu.

Tuna pia swali letu moja, tunaloliuliza kama daktari anavyouliza kama umekula. Nikamuuliza baba, "Baba, vitu vyako viko kwenye D?"

"Vyote, mwanangu. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Ni kweli nilimfundisha. Diski ina vyumba viwili: C ni ya Windows, inaweza kufutwa wakati wowote, vitu vyako weka D. Nisichomfundisha ni kwamba kinachoonekana usoni pa kioo, pale kompyuta inapofunguka, nacho kiko C. Mteja wa Sofu ningemuuliza mara ya pili, "Na vya desktop je?" Kwa baba sikuuliza. Nikaifuta C, nikapiga Windows.

Ikawaka kabla sijamaliza kukunja waya. Baba akasema mashallah, akanipa mihogo ya kubeba. Mpaka leo sijui kasi ile ilitokana na AHCI au na upya wa Windows tu. Nilivimba kichwa njia nzima.

Asubuhi akanipigia simu.

"Zile sauti za mama yako umezihamishia wapi?"

Mama alipokuwa mgonjwa, kabla hajatuacha, baba alimkalisha mbele ya ile kompyuta akamrekodi mara mbili. Ya kwanza anasimulia alivyotoka kwao Visiga kuja kuolewa Kisarawe. Ya pili alikuwa anazungumza na sisi wanawe. Faili mbili tu. Baba aliziweka usoni pa kioo ili akifungua tu aanze kuziona, na kila alasiri alimsikiliza mkewe. Huko D alikuwa ameweka barua za pensheni.

Nilikwenda kuichukua mashine, nikaileta kibandani, nikasimamisha kazi za watu wiki nzima. Nilijaribu kila programu ya kufufua mafaili ninayoijua, na nyingine nilizoelekezwa na wenzangu. Diski hizi mpya zikifutwa zinafutika kweli. Nilipata majina ya mafaili mawili, na ndani yake hamna kitu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wa kwangu alikaa nami kibandani wiki nzima, nikalia mbele ya wateja bila kuwaambia sababu.

Nikairudisha Kisarawe. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikamweleza, na sikumficha kwamba kosa ni langu. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

"Kile ulichobadilisha," akasema, "kinarudishika?"

"IDE? Inarudishika, baba. Lakini haitaleta..."

"Irudishe."

Safari hii niliiandaa Windows kwanza, hatua kwa hatua, kama nilivyopaswa kufanya siku ile. Kisha nikairudisha. Ikawaka polepole. Baba hakuondoka kitini. Ilipofunguka alipitisha macho kwenye kioo chote, juu mpaka chini, kama mtu anayesoma. Nilishindwa kumtazama.

"Sauti ile ya kwanza nimeishika kichwani," akasema hatimaye. "Ya pili inaanza kunipotea. Mwishoni pale, alipokuwa anakutaja wewe, alisemaje vile? Nikumbushe."

Nikamwambia sikuwahi kuisikiliza. Kila nilipokuja aliniambia nikae nisikilize, na kila nilipokuja nilikuwa nawahi gari.

Baba alinitazama kidogo, kisha akaizima kompyuta.