Bahasha za Bibi

Juzi nilienda Kariakoo kununua iliki na bizari. Binti wa dukani, kucha ndefu kama koleo, akaniuliza bila kuinua macho, "Anti, nikuwekee kwenye mfuko wa kitambaa au bahasha ya kaki?" Nailoni hakuitaja, maana ilishapigwa marufuku na sote tunajifanya hatujawahi kuishika. Nikasema bahasha, ila nikamwomba niishike kwanza kabla hajaijaza. Mikono yangu ikafanya jambo lake yenyewe: ikaifunua mdomo, nikachungulia ndani kutafuta maandishi. Nikaigeuza huku, nikaigeuza kule. Foleni nyuma yangu ikafika Msimbazi.

"Anti," kaka mmoja akalalamika, "unanunua viungo au unasahihisha mtihani?"

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana usipozijua bahasha zilizonilea, na wewe utaniona nimechanganyikiwa.

Nimelelewa na bibi yangu katika nyumba ya vyumba sita, hatua chache kutoka Mchikichini. Bibi alikuja mjini kutoka Lindi akiwa msichana, na kazi yake ilikuwa kukunja bahasha za wauza karanga na viungo. Karatasi mpya hakuwa nazo. Mwalimu jirani yetu alimletea madaftari ya wanafunzi yaliyokwisha, kiroba kizima, na Bibi akayachambua ukurasa kwa ukurasa. Akakunja, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mkunjo mara mbili, akapaka gundi. Ukucha ule ungeweza kukata bati. Gundi yenyewe ni uji mzito wa unga wa ngano, na ulinukia vizuri hivi kwamba mende wa Ilala nzima walikuwa na mkutano wa kila wiki uvunguni kwetu.

Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kupaka gundi na kufunga bahasha mafungu kwa uzi, fundo la vitanzi viwili. Na kusoma. Hilo hakunituma mtu. Niko darasa la tatu nilishajua hesabu zote za darasa la saba, ingawa nilijua zaidi majibu yaliyokosewa. Nilisoma insha tamu zilizokatikia katikati kwa sababu mwisho wake ulishaondoka na karanga. Na kila mahali kalamu nyekundu ya mwalimu: Vema. Jitahidi. Mwandiko gani huu?

Chumba cha mwisho alipanga dada mmoja mrefu, mpole, aliyemaliza kidato cha nne akatafuta kazi mpaka soli za viatu vyake zikawa nyembamba kama chapati za maji. Siku moja akaitwa kwenye usaili wa ukarani, kesho yake asubuhi, na akaambiwa asithubutu kuja bila cheti halisi. Cheti kilikuwa kimejiviringisha kwa kukaa sandukuni. Bibi alikuwa na jiwe bapa la kukandamizia bahasha, basi Dada akamwomba akilaze chini yake kinyooke. Bibi akakilaza kifudifudi kisichafuke, kisha akaenda msibani mtaa wa pili. Dada naye akaenda kuazima gauni.

Mimi nikarudi kutoka shule. Sikuambiwa kitu.

Nikanyanyua jiwe. Mtoto wa mkunja bahasha anaijua karatasi nzuri kama mtoto wa bucha anavyoijua nyama ya sarara. Ilikuwa nene, nyororo, nyeupe pe, saizi kamili ya bahasha ya robo kilo, haidai hata mkasi. Siku zote nilisoma kila karatasi iliyopita mikononi mwangu. Siku hiyo moja sikugeuza. Nikakunja, upande mweupe nje. Nikapitisha ukucha mara mbili. Nikapaka gundi kwa mapenzi yote. Nikaichomeka katikati ya fungu la siku, nikalipeleka shimoni, kule chini sokoni, kwenye meza ya muuza viungo wetu, nikarudi nikirukaruka.

Dada alirudi na gauni mkononi. Akanyanyua jiwe. Akakaa sakafuni pale pale, gauni limemfunika magoti.

"We mtoto," Bibi akaniita taratibu, amerudi sasa hivi, hata viatu hajavua. "Umekunja nini leo?"

"Bahasha, Bibi."

"Kwa karatasi gani?"

"Ile nzuri."

Tulikimbia watatu. Dada mbele, Bibi katikati na khanga kaikaza kiunoni, mimi nyuma nikilia kwa sauti iliyosikika mpaka Mchafukoge. Soko lilikuwa linakaribia kufungwa. Wateja walipishana nasi wakitoka na vifurushi vyao, na mimi nikaamini kila mmoja amebeba kazi ya Dada na bizari juu yake.

"Shikamoo mama," muuza viungo akasimama.

"Marahaba mwanangu. Bahasha alizoleta mtoto leo, umeshazitumia?"

"Zote, mama!" akajibu haraka. "Bahasha zako zinakaa, kwani? Zikifika tu zimeisha."

Dada akapiga yowe, meza za jirani zikageuka. Yule baba akamtazama, akanitazama mimi na makamasi yangu. "Kwani kuna nini?"

Bibi akamweleza: cheti, jiwe, usaili wa kesho. Muuza viungo akashusha pumzi. Kisha akainama, akavuta gunia lililofunika chini ya meza yake.

Mafungu. Mafungu juu ya mafungu, ya wiki na wiki, na kila moja lina fundo langu la vitanzi viwili, halijaguswa. Hapo ndipo nilipoona, kwenye msumari juu ya kichwa chake, mifuko ya nailoni ya bluu ikining'inia.

"Siku hizi wateja wanataka nailoni, mama," akasema akitazama miguu yake. "Nilishindwa kukwambia. Siku naanza hapa nilikuwa nafungia pilipili kwenye majani. Wewe ndiye uliyeniletea bahasha za kuanzia, na hukuniuliza kitu."

Dada alishapiga magoti, anakata nyuzi kwa meno na kuchungulia ndani ya kila bahasha. Mimi nilimwangalia Bibi. Niliogopa atalia, na sikuwahi kumwona akilia. Akaokota fungu moja, akaligeuza, akalinusa.

"Kiko hapa!" Dada akapaza sauti.

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu," akamwambia muuza viungo, "ungekuwa unazitumia bahasha zangu, saa hizi cheti cha mtoto wa watu kiko Temeke kimebeba mdalasini!" Yule baba naye akacheka huku anajifuta macho, na akatupa iliki kiganja kizima, iwe pole.

Nyumbani Bibi alikibandua cheti kwa mvuke wa birika, polepole kuliko mtu anayemtoa mtoto mwiba. Kikarudi chini ya jiwe, na safari hii Bibi akakaa mwenyewe juu yake. Dada akaenda usailini na cheti chenye mikunjo minne, kinanukia iliki. Akapata kazi.

Bibi hakupeleka tena bahasha shimoni. Wiki ile ile akaanza kushona mifuko ya sokoni kwa viroba vya unga, mpini umepigwa uzi mara mbili. Mmoja ninao mpaka leo. Umebeba viazi vya kulisha jeshi na haujachanika. Mimi darasa la saba nilifeli vizuri sana, nikaingia kuuza mitumba. Nikiwa mama wa watoto wawili, Dada akanifuata mbele ya wateja wangu, akanishika mkono. "Wewe uliniwekea cheti changu kwenye bahasha. Sasa na mimi nataka kukiona chako." Akanipeleka shule ya usiku. Nilikipata, rafiki yangu. Nimekitia plastiki pande zote mbili, asije mtu akakikunja.

Bibi hayupo, meza ya viungo ina mwenyewe mwingine, na madaftari ya watoto sijui siku hizi yanaishia wapi. Bahasha ya kaki niliyopewa juzi ilikuwa safi ndani, haina hata herufi moja. Binti akaijaza iliki, nikaitia kwenye kiroba cha Bibi, na nilipofika mlangoni kwa Dada, ambaye sasa ni mstaafu wa mvi, nikatoa kalamu nyekundu nikaandika juu yake: Vema. Jitahidi.

Dada akaipokea, akaisoma, akainusa. Halafu akaifunua mdomo na kuchungulia ndani.

"Naangalia tu," akasema. "Wewe sikuamini."